Vitabu vitatu kwa Hilux moja

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na ugonjwa wetu walimu ni kuamini kwamba kila tatizo lina kitabu chake. Kwa hiyo nilipoinunua Hilux yangu kwenye mnada, dabo kebini ya mwaka 1994 iliyokuwa ya mradi, kivuli cha nembo kikiwa bado kinasomeka mlangoni, kitu cha kwanza nilichokifikiria baada ya bima kilikuwa kitabu cha ufundi. Gari nililipa milioni saba na nusu. Vitabu, ukijumlisha na makosa niliyoyafanya nikiwa nimevishika mkononi, vimenigharimu karibu milioni mbili. Nitaeleza zilikokwenda, maana najua wapo wengi wenye hizi pikapu za zamani ambao sasa hivi wanaperuzi simu wakitafuta kitabu chenye picha inayofanana na gari lao. Na mimi nilianzia hapo hapo.

Niseme mapema kwamba sikutaka kujigeuza fundi. Hapa kwetu Makambako mafundi wapo, na wazuri. Nilichotaka ni kuacha kuwa mjinga mbele ya boneti iliyofunguliwa. Mwenye gari asiyejua kitu huambiwa leo nozeli, kesho pampu, na keshokutwa "mwalimu, hapa ni ovahoo tu", naye anaitikia yote matatu na kutoa pesa.

Likizo ya Desemba nilishuka Dar. Nikaenda Gerezani, duka la kwanza la spea nikauliza, "Mna manyuo ya Hilux?" Kijana akaniuliza kama nataka giaboksi tupu au na transfa yake. Nikamwelewesha kwamba nataka kitabu. Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita bosi, na wote watatu wakaniangalia kama mtu aliyeomba kununua kivuli cha gari. Ikabidi niende Posta kwa wauza vitabu vya mitumba wa pembeni ya barabara, na huko nikakiona: kitabu kinene, jalada gumu, juu yake picha ya pikapu ambayo ungeapa ni yangu. Taa zile zile za mraba, kapu lile lile, magurudumu manne ya kuvuta, na miaka iliyoandikwa chini ya picha ikaimeza 1994 yangu vizuri kabisa. Elfu arobaini, nikashusha hadi ishirini na tano. Sikukifungua. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeokota.

Nilikifungua ndani ya basi. Tulipofika Mikumi abiria wenzangu walikuwa wamegeukia dirishani wanatazama twiga, mimi nimeinama natazama kabureta. Nikarudi nyuma, nikaenda mbele. Kabureta, plagi za cheche, waya za plagi, distribyuta. Gari langu ni dizeli. Halina hata kimoja kati ya hivyo.

Nilichokuja kukielewa baadaye ni hiki. Hilux zilizouzwa Marekani kwa miaka mingi hazikuitwa Hilux, ziliitwa Pickup tu, mpaka Tacoma ilipozirithi mwaka 1995. Nyingi zilikuwa za petroli. Usukani uko kushoto. Na tangu matoleo ya 1986 zile za magurudumu manne za kule ziliacha ekseli moja nzima ya mbele, kila gurudumu likawa linacheza lenyewe, wakati hii ya kwangu mbele ina ekseli nzima juu ya springi za majani kama ya nyuma. Kwa hiyo kuanzia bampa ya mbele hadi kwenye kiti cha dereva kitabu changu kilikuwa kinazungumzia gari jingine lililovaa shati la gari langu. Nilijifunza humo namna ya kutoa hewa kwenye breki, na namna ya kusoma tairi inavyoliwa. Kwa elfu ishirini na tano si haba, ila si nilichokifuata.

La kuchekesha, au la kuudhi, ni kwamba wakati wote huo ndani ya gari kulikuwa na kitabu cha bure: kile kidogo cha dereva kinachokaa kwenye kisanduku cha dashibodi. Nilikidharau kwa sababu hakina bolti wala mishale. Ningekisoma ningejua kuwa ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata, taa iliyoandikwa T-BELT lazima iwake kidogo kama taa nyingine, na kwamba ikibaki inawaka ujue mkanda wa taimingi umefika kilomita 100,000. Ya kwangu haikuwaka kabisa. Balbu ilikuwa imeng'olewa. Aliyeing'oa alijua kwa nini.

Kitabu cha pili kilikuja kwenye flashi. Jamaa mmoja mjini anayeuza filamu na programu aliniambia ana "Toyota zote". Elfu kumi na tano. Nikafungua folda ya Hilux na kweli kulikuwa na kitabu cha injini ya dizeli, cha kiwandani chenyewe, si cha mtu wa kati anayefungua gari mwenyewe na kuandika. Jalada linasema 2L, ambalo ni jina la injini, si lita. Ya kwangu ni 3L. Nikajisemea kwamba herufi ni ile ile, ukoo ni ule ule, tofauti ni ukubwa tu: 2L ina sentimita za ujazo 2,446 na 3L ina 2,779. Hilo la ukubwa ni kweli. Lililobaki nilijitungia.

Basi, mlima Kitonga. Likizo ya mwezi wa saba nilipakia vitunguu Ruaha Mbuyuni, magunia nane, nikafunga turubai, nikaanza kupanda nyuma ya semi lililokuwa linatambaa. Unajua Kitonga: ukiwa nyuma ya semi huwezi kupita, na huwezi kusimama. Sindano ya joto ikaanza kupanda. Nikafungua hita ya ndani kama nilivyosikia watu wanafanya, tukawa tunaiva mimi na utingo. Kona ya tatu kutoka juu mvuke ukatoka kila upande wa boneti na gari likafa lenyewe. Tulipochomoa kijiti cha oili, ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, yaani imechanganyika na maji. Utingo wangu, kijana wa miaka kumi na tisa, akasema taratibu, "Mwalimu, gasketi." Hakuhitaji kitabu.

Fuso lililokuwa linarudi tupu lilibeba vitunguu na kunivuta mpaka Makambako, laki tatu. Vitunguu vilikuwa vimelala juani, niliviuza kwa hasara ya laki nne. Siku mbili sikuongea vizuri na mke wangu. Pesa za vitunguu zilikuwa zake.

Fundi wangu ni mzee wa makamo anayefanya kazi chini ya mti wa mwembe jirani na stendi. Amefungua injini hizi tangu zikiwa mpya. Nilimkuta asubuhi, "Kamwene, Mzee," akaitikia, nikatoa simu, nikamwonyesha kile kitabu cha flashi. Akakitazama kwa heshima, akafuta mikono, akaanza kufungua. Alipotoa kifuniko cha juu ya valvu akasimama. Akaiomba simu tena. Kwenye mchoro kulikuwa na roka: mikono midogo inayokandamiza valvu, kila mmoja na skrubu na nati yake ya kuseti tapeti. Kwenye injini yangu hakukuwa na roka hata moja. Kamshafti ilikuwa imekaa moja kwa moja juu ya vikombe, na juu ya kila kikombe kisahani chembamba cha chuma, wao wanakiita shimu.

"Mwalimu, injini ya kwenye picha si hii."

"Ni ukoo mmoja Mzee. Picha ni ya mfano tu."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi. Mtu aliyefungua injini hizi miaka yote hiyo ananiambia kitabu si chenyewe, nami nampinga kwa sababu kina nembo ya kiwanda na kimeandikwa Kiingereza. Mzee hakubishana. Alisema tu, "Sawa, wewe ndiye mwenye gari," sentensi ambayo ukiisikia kutoka kwa fundi ujue umeshajiuzia mbuzi kwenye gunia.

Hedi, yaani kichwa cha injini kinachofungwa juu ya bloku na gasketi katikati yao, ikaenda mashine shop, ikapimwa ufa, haukuwepo, ikasawazishwa. Mzee akanikabidhi gasketi ya zamani akaniambia niende nayo dukani, nisinunue bila hiyo. Ilikuwa nyeusi, inanuka, nikaiacha pale pale chini ya mwembe. Niliona aibu kutembea nayo mjini. Dukani nikasema "gasketi ya 3L" nikapewa gasketi ya 3L. Kitabu changu hakikusema neno juu ya gasketi kuwa na aina. Baadaye ndiyo niligundua kurasa mbili za sehemu ile hazikuwemo kabisa, aliyeskani aliziruka. Tukarudisha hedi. Kukaza bolti, kitabu kilisema kilo-mita 12, tukaazima toku renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, tukakaza kwa mizunguko mitatu mpaka kilo 12, nami nikisoma mpangilio kwa sauti kama nasoma orodha ya mahudhurio. Gharama zote, pamoja na ufundi na oili mpya: 460,000.

Gari liliwaka. Lakini asubuhi, na asubuhi za Makambako mwezi wa saba unazijua, likawa gumu, linazungusha stata mpaka betri inalia, kisha linatoa moshi mweupe. Wiki ya tano nikaona maji yanapungua tena. Kisha mapovu kwenye rejeta.

Nilikaa ndani ya gari nyumbani kwangu, mlango umefungwa, nikapiga usukani kwa ngumi. Mtoto wangu alikuwa anaangalia dirishani.

Aliyeniokoa ni mstaafu mmoja Iringa aliyekuwa mtunza stoo kwenye gereji kubwa ya magari ya miradi. Mwalimu mwenzangu alinielekeza kwake, akasema mzee yule ana kabati la vitabu vya gari nyumbani. Nikaenda Jumamosi. Kabati kweli lilikuwepo, nalo lilikuwa limefungwa na kufuli. Hakulifungua.

"Gari lako ni nini?"

"Hilux ya 94, Mzee. Dizeli."

"Hilux ni jina la ukoo. Nataka jina lake yeye."

Nikamtajia 3L. Akatikisa kichwa. Akaniambia nimpigie mtu aliyeko nyumbani afungue boneti, atazame kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na kebini, kuna kibati kidogo. Nikampigia mwanangu. Nikawa namsikia anakwangua uchafu kwa kitu, kisha akaanza kusoma herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza: "L. N. Moja, sifuri, sita. R."

LN106R. Mstaafu akashusha pumzi kama mtu aliyetajiwa jina la mjukuu. L ya kwanza ni ukoo wa injini. N ni Hilux. 106 ni chasisi na umbo lake. R ni usukani wa kulia. Kibati hicho hicho kina mstari wa injini wenye ukubwa wake, mstari wa namba ya fremu, mstari wa rangi, na mstari wa giaboksi na ekseli. Kitabu, alisema, unakitafuta kwa huo msimbo na kwa soko la gari, kwa maana ya nchi lilikotengenezewa kwenda, kabla hujatazama mwaka wala picha. Gari la mnada la Afrika Mashariki lina undugu mkubwa zaidi na lile la Australia kuliko la Marekani: Australia wanaendesha kushoto kama sisi, na dizeli hizi hizi ziliuzwa kwao, ndiyo maana vitabu vya watu wa kati vya kule vinatusaidia kuliko vya Marekani vyenye majalada mazuri zaidi.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Na injini iliyomo, ndiyo ya kwenye kibati?" Magari ya miradi, alisema, hubadilishwa injini bila kibati kubadilishwa. Nikampigia tena mwanangu, akalala chini na tochi, akachukua dakika ishirini kuifuta bloku mpaka akaona 3L na namba zake. Ya kwangu ilikuwa ile ile. Ila mstaafu aliniambia ameshaona kibati cha 2L juu ya injini ya 5L, na mwenye gari alikuwa ananunua spea kwa kibati.

Ndipo akafungua kabati. Vitabu vya kiwandani vya gari moja, nikaona, haviji kimoja. Kuna cha injini, kuna cha chasisi na bodi, na kuna cha nyaya za umeme. Mbali na hivyo kuna katalogi ya spea, ambayo haikufundishi kufungua kitu, inakuonyesha tu kila kipande na namba yake, na watu wengi huinunua wakidhani ndiyo kitabu cha ufundi. Nilinunua cha injini na cha nyaya, 90,000. Cha chasisi alikataa kuuza, akaniruhusu nikatoe kopi ya kurasa za breki na ekseli ya mbele.

Kabla sijalipa alinifanyisha mtihani, na huu ndio nauona wa maana kuliko yote aliyoniambia. "Usifungue mwanzo. Niambie kazi inayokusumbua, kisha itafute." Nikatafuta hedi. Ukurasa ukajibu. Kulikuwa na vikombe na shimu, bila roka. Kumbe 2L za kwanza zilikuwa na roka na zilizokuja baadaye, pamoja na 3L, hazina. Kitabu cha flashi kilikuwa cha zile za kwanza. Kisha nikakuta bolti za hedi, zote 18: kaza mpaka nyutoni-mita 78, kisha weka doa la rangi mbele ya kila bolti, zungusha nyuzi 90, kisha zungusha tena nyuzi 90. Hakuna kilo 12 popote.

Na kurasa chache mbele, gasketi. Zipo za unene wa aina tatu, zina herufi B, D na F zilizogongwa. Pistoni ikifika juu kabisa huchungulia kidogo juu ya bloku, chini ya milimita 1, na kiasi inachochungulia ndicho kinachokuambia uchukue ipi. Tofauti ya unene ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Nikauinua uso kutoka kwenye kitabu, nikaiona ile gasketi nyeusi inayonuka niliyoiacha chini ya mwembe.

Jumatatu nikamwendea Mzee na kitabu cha karatasi. Nikaanza na kuomba radhi, na naomba usiruke hatua hii ukiwa katika hali kama yangu, kwa sababu fundi uliyemdharau atakukazia bolti vile vile unavyomlipa. Akacheka. Nikamwuliza habari ya gasketi. Akasema, "Ndiyo maana nilikuambia uende nayo. Ina herufi. Unanunua herufi ile ile." Miaka yote amefanya hivyo. Hakujua herufi ni ya nini, na mimi niliyejua ni ya nini tangu Jumamosi nilikuwa nimeitupa. Vijana wa chuma chakavu walishaichukua.

Tukafungua tena. Iliyokuwemo, ile ya dukani, ilikuwa F, nene kuliko zote. Tukaazima geji ya saa mashine shop, Mzee akaiweka juu ya bloku, akawa anazungusha krenki kidogo kidogo huku mimi nasoma sindano. Pistoni zote nne, na kila moja tukaipima sehemu mbili kama kitabu kilivyoonyesha. Jibu likaja D. Kwa hiyo injini ilikuwa imepungukiwa mgandamizo kwa ajili ya karatasi ya chuma iliyozidi unene, na dizeli inawaka kwa mgandamizo. Ule ugumu wa asubuhi nadhani ulitoka hapo. Na kuvuja nadhani kulitoka kwenye bolti. Siwezi kuapa ni kipi kilichangia kiasi gani, maana nilikosea vyote kwa wakati mmoja.

D haikuwepo mjini. Ilitoka Dar na basi, siku mbili.

Siku ya kukaza sikusoma kwa sauti. Nilikuwa nimeomba rangi ya kucha kwa mke wangu, nyekundu, naye akanipa bila kuuliza, ishara kwamba hasira ya vitunguu ilikuwa imeanza kupoa. Tukaweka doa kwenye kila bolti, yote 18 yanatazama mbele ya gari. Mzee akashika spana ndefu, akavuta ya kwanza nyuzi 90, doa likageukia ubavuni. Akazimaliza zote kwa mpangilio, tukasimama tukatazama: madoa yote ubavuni. Akarudia. Yote yakageukia nyuma. Hakuhitaji Kiingereza wala tarakimu. Alifurahia sana madoa yale kuliko kitu chochote kilichomo kitabuni, na siku hizi nikipita namkuta ameyaweka kwenye injini za watu wengine, nyekundu ile ile. Kichupa hakikurudi.

Tulipokuwa tumefungua upande wa mbele tuliukuta na mkanda wa taimingi. Ulikuwa umepasuka nyufa kwenye mgongo kama kisigino cha mkulima. Kwenye injini hii mkanda huo ndio unaozungusha kamshafti na pampu ya dizeli. Ungekatika pale Kitonga badala ya gasketi kuungua, pistoni zingekutana na valvu na ningekuwa naandika habari ya kununua injini. Tukabadilisha, tukarudisha na balbu.

Marudio hayo yalinila 680,000, pamoja na siku nilizokodi gari la mtu.

Nimekaa na kitabu hiki cha kiwandani mwaka na nusu sasa na kina ubaya wake pia. Kimeandikiwa mtu aliyesomea kazi. Kinakuambia "toa pampu ya maji" na hapo hapo kinaendelea na jingine, kama vile pampu ya maji inatoka kwa kuombwa. Kila baada ya kurasa kadhaa kinakuamuru utumie kifaa maalumu chenye namba inayoanzia 09, kifaa ambacho Makambako nzima hakipo. Vitabu vya watu wa kati, wale wanaonunua gari, kulifungua na kulifunga kisha kuandika, mara nyingi hukuonyesha namna ya kukwepa kifaa hicho. Ukiwa na pesa ya kitabu kimoja na wewe mwenyewe ndiye utakayeshika spana, pengine hicho kitakufaa kuliko cha kiwandani, ilimradi kinataja injini yako kwa msimbo wake. Ukiwa na fundi kama wangu, chukua cha kiwandani. Michoro yake ni ya mistari, safi, na fundi anayejua kazi anaisoma haraka kuliko wewe unavyosoma maandishi.

Vipimo navyo vinataka utulivu. Kitabu changu kinaandika kila ukazaji kwa namna tatu, na toku renchi tunayoazima ina namna moja tu, pauni-futi. Bolti ile ile ya hedi ni 800 kwa kilo-sentimita, ni 58 kwa pauni-futi, na ni 78 kwa nyutoni-mita, kutegemea unasoma mstari upi. Nimeanza kuandika kwa penseli pembeni ya ukurasa ile inayohusu renchi yetu na kuizungushia duara, baada ya siku moja kusoma mstari wa jirani na kuivunja bolti ndogo ya kifuniko. Elfu tatu tu, na jioni nzima ya kuitoa.

Kuhusu faili za simu: sizipondi. Kitabu cha nyaya nimekipiga picha chote kwa sababu karatasi ile kubwa ya kukunjua inachanika. Ila faili la kununua ulipitie kwanza, uangalie kama namba za kurasa zinafuatana na kama tarakimu ndogo kwenye jedwali zinasomeka ukizikuza. Sita na nane kwenye skani mbovu ni mapacha.

Mwezi uliopita alikuja kijana na Hilux yake, ameambiwa na Mzee kwamba mwalimu ana kitabu. Alikuwa na haraka, gari linakosa nguvu, anataka kukiazima siku hiyo hiyo. Nikamwambia fungua boneti kwanza. Tukakifuta kibati pamoja. Kilianza na KUN, na injini ilikuwa 2KD, ya mfumo mwingine kabisa wa dizeli, wenye kompyuta. Nikamwonyesha cha kwangu, akakipekua mwenyewe, akakirudisha. Akanunua soda mbili kwa mama wa kibandani, tukakaa kivulini, na nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi namba ya yule mstaafu wa Iringa.